Nilipasuliwa makwapa Guangzhou kwa ajili ya kikwapa: naeleza nilichopitia, mwenye swali aulize

Mzigo_Kkoo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimesoma nyuzi za kikwapa humu kwa miaka, na kila uzi hufika mahali mtu akasema, "Kuna operesheni ya kukata tezi za kwapa zinazoleta harufu, inaisha moja kwa moja." Uzi unaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyefanyiwa. Mimi nimefanyiwa. Naandika kwa kuwa wiki iliyopita kijana wa dukani kwangu aliniambia anadunduliza hela aende nje akapasuliwe. Nilipomwonyesha kwapa langu la kushoto, alinyamaza muda mrefu.

Kikwapa kilinianza kidato cha pili. Mama alinipa shabu, akanifundisha kunyoa, mambo yakawa yanakwenda. Sikuwa mchafu, na naomba hilo lieleweke. Naoga asubuhi na jioni, nguo nafua. Harufu ilikuwa inarudi saa mbili baada ya kuoga.

2015 nikaenda Guangzhou kufunga mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu, pale mtaa wa Xiaobei. Joto la kule kuanzia Mei hadi Septemba ni kama la Dar ya Januari, unyevu ule ule. Sasa Dar, mtu akinuka kwenye daladala unageuza uso, safari inaendelea. Kule niliingia kwenye lifti yenye watu sita, wakashuka wote ghorofa ya pili. Siku ya kwanza nilijua wamefika. Siku ya nne nikaelewa.

Mama mmoja wa makamo, Mchina tuliyekuwa naye ofisini, alinivuta pembeni kwa heshima kabisa akaniandikia neno kwenye simu: huchou. Harufu ya mbweha, ndivyo wanavyoiita. Akasema kaka yake alikuwa nayo, akakatwa, yakaisha. Aliongea kama anayekushauri ukang'oe jino bovu.

Nikaenda hospitali. Daktari kabla ya kutazama kwapa aliniuliza nta ya masikio yangu ikoje, kavu au ya kunata. Nikasema ya kunata, akaandika. Halafu akanipa shashi niibane kwapani, akaipokea na kuinusa kwa mbali. Akasema ni kali, inafaa kukatwa.

Habari ya masikio nilikuja kuielewa baadaye. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu kwenye jeni iitwayo ABCC11 ndilo linaloamua mtu awe na nta kavu au ya kunata. Jeni hiyo hiyo inahusika kupitisha malighafi ya harufu kwenye tezi za kwapa. Wachina, Wakorea na Wajapani walio wengi wana nta kavu na makwapa yao hayanuki, au yananuka kidogo mno. Sisi Waafrika karibu wote tuna nta ya kunata. Kule mwenye kikwapa ni wachache kati ya wengi, ndiyo maana wanakihesabu ugonjwa na wapo madaktari ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo. Japani hata bima ya afya ya serikali inalipia upasuaji wa aina hii.

Nataka mlishike hilo kabla ya mengine. Upasuaji huu umekomaa katika nchi ambazo pua za watu hazijazoea harufu ambayo kwetu ni ya kawaida. Mimi nilipimwa kwa pua ya kule, na sikujiuliza nitaishi wapi maisha yangu yote.

Nitaendelea na upasuaji wenyewe, naandikia kwenye simu.

Mzigo_Kkoo

Naendelea.

Nililala chali, mikono nyuma ya kichwa kama mtu anayeota jua. Hakuna kulazwa usingizi, ni ganzi ya sindano, na wanaingiza maji mengi ya ganzi mpaka kwapa linatuna. Wakapasua kama sentimita nne kwenye mkunjo. Kisha wakaitenga ngozi na nyama ya chini eneo lote lenye nywele, wakaigeuza ndani nje, kama unavyogeuza mfuko wa suruali. Tezi zenyewe zimeng'ang'ania upande wa ndani wa ngozi. Daktari alinionyesha kwenye sahani: vipunje vya njano hafifu, vimeshikana kama mayai ya samaki. Anavikata kimoja kimoja kwa mkasi mdogo. Akibakiza, harufu inabaki. Akizidisha, ngozi inakuwa nyembamba mno na inakufa. Kazi yote iko hapo.

Upande mmoja ulichukua kama saa nzima. Wakashona, juu yake wakaweka donge la shashi na kulifunga kwa nyuzi zilizopita kwenye ngozi, halafu bandeji kuzunguka mabega yote mawili. Ngozi ile imeshatengwa na mishipa iliyokuwa ikiilisha kutoka chini, kwa hiyo inabidi igandamizwe mpaka ishikane upya na nyama, kama kiraka cha ngozi kilichopandikizwa. Damu ikijikusanya katikati, haishikani.

Niliambiwa siku kumi nisiinue mikono. Mwenzangu wa chumba alininawisha uso na kunifungia vifungo vya shati. Siku ya nne nikapigiwa simu, kontena linafungwa na watu hawatoshi. Nikaenda. Sikubeba zito, niliinua boksi moja la makava ya simu kuliweka juu ya jingine. Usiku bandeji ya kushoto ikawa nzito na ya moto. Walipofungua siku ya sita, damu ilikuwa imejikusanya na ngozi ina baka jeusi ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Baka lile lilichukua wiki saba kupona.

Mwezi wa tatu kovu likaanza kuota. Likawasha, likavimba, likawa kama kidole cha mtoto kimelala kwapani. Baba yangu ana kovu la namna hiyo kifuani tangu ujana wake. Pale hospitali hakuna aliyeniuliza kama kwetu kuna watu wa makovu yanayoota, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema. Hili bado linaniuma kuliko boksi. Boksi niliinua mwenyewe, lakini swali lile lilikuwa lao kuuliza.

Matokeo: kulia harufu imekwisha kabisa, nywele hazioti, jasho ni kidogo, kovu ni mstari tu. Kushoto harufu ilipungua sana lakini ipo, na mkono haukunyooka juu vizuri kwa karibu mwaka. Gharama ilikuwa yuani elfu sita na kitu, ukiacha nilichokosa kwa kutofanya kazi.

Bi_Mchangamle

Asalaam alaykum. Mleta uzi, pole sana, na Mungu akulipe kwa kusema wazi.

Sisi huku Unguja shabu ndiyo mwanzo wa mambo, lakini naona vijana siku hizi wanaisugua mbichi kwapani ikawakwaruza. Shabu huchomwa. Weka kwenye kikaango juu ya moto mdogo, itayeyuka, itafura, itakauka nyeupe kama chokaa. Itwange laini, chekecha, jipake kidogo kwapa likishakauka. Na udi ni wa nguo, si wa kufunika harufu. Mtu akijifukiza udi juu ya kikwapa vinachanganyika, afadhali angekaa bila.

Mama_Naima

Samahanini kwa kuingilia. Nina binti wa miaka 13, yuko bweni, kidato cha kwanza. Likizo ya juzi nimegundua anaoga mara nne kwa siku na anajisugua makwapa kwa gunzi mpaka yametoka damu. Nilipombana akalia, akasema wenzake wanamwita jina la mnyama na kitandani kwake hakai mtu. Ananiambia, "Mama, uza hata cherehani nipelekwe nikakatwe." Ameona video kwenye simu ya mtu. Nimeufungua uzi huu na hofu. Nifanye nini? Nina uwezo mdogo, lakini cherehani ninayo kweli.

Tabibu_Moshi

Mama Naima, usiuze cherehani. Nitaeleza kirefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni tabibu wa ngozi, nimesomea pale RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC Moshi tangu 1992. Wenye kikwapa tunawaona, ingawa wengi huja wakisingizia fangasi kwa aibu.

Kwapa lina tezi za namna mbili. Ekrini zipo karibu mwili mzima, zinatoa jasho la majimaji la kupoza mwili. Apokrini zimejikusanya kwapani, kwenye kinena na kuzunguka chuchu. Zinalala tangu kuzaliwa, zinaamka wakati wa kubalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka saba hanuki kikwapa hata akishinda anacheza mpira, na wa kumi na tatu anashtuka ghafla. Binti yako hajafanya kosa lolote, tezi zake ndio kwanza zinaamka.

Jasho la apokrini lenyewe halina harufu. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani, Shelley na Hurley pamoja na mwenzao, walilichukua likiwa bichi bila vijidudu, likakaa bila kunuka. Likiachwa na bakteria wa kwapani, linanuka. Bakteria hao, hasa wale waitwao korinebakteria, wanalivunjavunja na kutoa asidi na viambata vya salfa, vya jamii ile ya harufu ya kitunguu. Kwa hiyo unaweza kushambulia sehemu tatu: jasho, bakteria, au tezi yenyewe. Upasuaji ni ile ya tatu, na kwa mtu wetu mwenye ngozi nyeusi ndiyo inayopaswa kuja mwisho.

Kwa binti, anza hivi. Gunzi litupwe leo, ngozi iliyochubuka inakaribisha vijidudu zaidi. Apone kwanza, wiki moja ya sabuni laini na maji tu. Kisha tafuta duka la dawa sabuni ya maji au jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ile inayotumika kwa chunusi. Apake anapooga, ahesabu dakika mbili, asuuze vizuri. Mara moja kwa siku inatosha. Inapausha nguo na taulo, mwambie atumie taulo jeupe. Nywele azikate fupi kwa mkasi, maana zinashika jasho na bakteria. Sare za poliesta zinahifadhi harufu kuliko pamba, hivyo fulana ya pamba ndani itamsaidia sana.

Yasipotosha hayo, kuna alumini kloraidi. Inapakwa usiku kabla ya kulala, kwapa likiwa kavu kabisa, asubuhi inaoshwa. Wengi wanaipaka asubuhi wakitoka bafuni, inachanganyika na maji inawachoma, wanasema haifai. Usiipake siku uliyonyoa. Baada ya usiku kadhaa mfululizo unapunguza mpaka mara moja au mbili kwa wiki. Shabu ya Bi Mchangamle ni ya ukoo huo huo, ni chumvi ya alumini, na namna ya kuichoma ameieleza vizuri. Ndimu na magadi soda viacheni, nimeona makwapa yaliyoungua kabisa. Na mkorogo wa kung'arisha kwapa usiguswe, ngozi inakuwa nyembamba na vidonda havikauki.

Kumkata mtoto wa miaka 13 hakufai hata kwa wapasuaji wenyewe. Tezi bado zinakua, zilizobaki zitakomaa baadaye na harufu itarudi, naye atabaki na kovu.

Swahilipoti

Tabibu, mimi niko Mombasa. Nimesikia kuna botoksi na kuna mashine ya mawimbi, hazikati. Vipi hizo? Na hii alumini si inaleta kansa ya matiti?

Tabibu_Moshi

Swahilipoti, tafiti hazijathibitisha kwamba alumini ya kwapani inaleta kansa ya matiti. Mwenye figo zilizochoka sana ndiye aulize daktari wake kwanza.

Botoksi inafunga ishara ya neva kwenye tezi za jasho. Marekani iliruhusiwa kwa jasho jingi la kwapa mwaka 2004. Jasho linakauka kwa miezi kadhaa, kisha unachoma tena, na tena, na bei yake kwetu ni ya watu wachache. Kwa jasho ni nzuri kuliko kwa harufu. Mashine ya mawimbi, miraDry, iliruhusiwa Marekani 2011, inaunguza tezi kwa joto kupitia juu ya ngozi. Bila kisu, lakini kuna uvimbe na ganzi ya wiki kadhaa, na pesa ni nyingi. Kuna pia kunyonya tezi kwa mrija kupitia tundu dogo. Kovu lake ni dogo kuliko alilopata mleta uzi, ila harufu inarudi kwa wengi zaidi, kwa kuwa mrija hauoni unachokwangua.

Halafu ipo ile ya kukata neva kifuani. Hiyo asishawishike mtu kwa ajili ya kikwapa. Ilikusudiwa hasa jasho la viganja, na wengi wanaofanyiwa jasho linahamia mgongoni na tumboni, lisirudi tena lilikotoka.

Kivuli77

Sijawahi kuandika humu. Nanuka. Si kwapa tu, nadhani ni mwili mzima lakini zaidi kwapa. Nina miaka 31. Tangu 2021 sipandi daladala, natembea kutoka Tabata hadi kazini. Ofisini mtu akishika pua au akikohoa najua ni mimi. Mke wangu anaapa hanusi kitu. Nimekwenda kwa madaktari wawili, mmoja akaninusa kabisa, wote wanasema sina harufu. Najua wananihurumia. Mleta uzi, nipe jina la ile hospitali. Kovu haliniogopeshi.

Mzigo_Kkoo

Kivuli, ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Jina la hospitali sitakupa, na nakuomba usinichukie kwa hilo.

Mimi nilipokuwa nanuka, watu hawakukwepa kuniambia. Mama aliniambia. Dada yangu aliniambia. Mke angeniambia siku ya kwanza. Wewe mke anaapa, na madaktari wawili wameweka pua zao pale. Mwache Tabibu aseme.

Tabibu_Moshi

Kivuli, siwezi kukupima kupitia maandishi, lakini ulichokiandika nimekiona kwa wagonjwa wangu, na kinajulikana katika tiba. Mtu anakuwa na uhakika kamili kwamba ananuka, anasoma kila pua inayoshikwa na kila dirisha linalofunguliwa kama ushahidi, na wanaompenda wakikana anaona wanamsitiri. Mateso yake ni ya kweli kabisa. Hajitungii. Ila chanzo hakiko kwenye kwapa, ndiyo maana wanaopasuliwa wakiwa na hali hii huamka na uhakika ule ule, pamoja na kovu.

Inatibika. Nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, au Muhimbili kwa kuwa uko Dar. Waeleze kama ulivyotueleza. Kuna mazungumzo ya tiba na kuna vidonge, na watu wanarudi kupanda magari. Mpeleke na mkeo, asikilize naye. Kutembea kutoka Tabata kila siku kwa miaka yote hiyo ni kuchoka kwingi, ndugu yangu.

Mzigo_Kkoo

Kuna walioniandikia inbox wakiuliza kama najuta. Nitajibu hapa.

Kwapa la kulia sijutii. Kusema najuta lote itakuwa uongo. Siku ile ya kwanza niliyoingia kwenye lifti na hakuna aliyeshuka, nilifika chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu.

La kushoto najuta. 2019 nilirudi, nikaenda kwa daktari wa ngozi hapa Dar kwa ajili ya lile kovu. Alinichoma sindano za steroidi ndani ya kovu kila mwezi, mara sita. Limelala, haliwashi, ila rangi haijarudi. Nikamweleza kwamba harufu ya kushoto bado ipo, akaniandikia sabuni ile ile aliyoitaja Tabibu na alumini ya usiku. Baada ya wiki mbili kushoto na kulia yakawa hayana tofauti. Nilikaa pale dukani na ile chupa mkononi, bei yake haifiki chakula cha mchana cha watu wawili. Kabla ya Guangzhou sikuwahi kujaribu hata mara moja. Nilijua shabu, na dawa za kwapa za kujipaka asubuhi, na marashi. Hakuna aliyeniambia kuna kitu cha kupaka usiku.

Kwa hiyo kijana wangu wa dukani nimemnunulia chupa hiyo na sabuni, nimemwambia tuipe miezi mitatu. Akishindwa, na akiwa bado anataka kisu, nitakwenda naye kwa mpasuaji mimi mwenyewe na kuuliza haya mbele yake: kwetu kuna makovu ya kuota, je wewe umewakata watu wangapi wenye ngozi kama hii, naweza kuona picha zao za baada ya mwaka, na nani atafungua bandeji usiku ikiwa nzito? Na wiki mbili baada ya kupasuliwa hatagusa boksi dukani kwangu, mshahara wake utakuwepo.

Kivuli77

Nimeonana na daktari Alhamisi. Mke alikuja. Nimepewa tarehe ya kurudi. Siwezi kusema nimeamini, lakini nimekwenda.

Bi_Mchangamle

Maashaallah, mwanangu. Hatua hiyo kubwa.

Mama_Naima

Narudi kuwapa taarifa, leo ni wiki ya tano. Nilikwenda shuleni Jumapili ya kutembelea, nikampelekea ile sabuni, taulo jeupe na fulana tatu za pamba. Nilimweleza habari ya tezi kulala na kuamka kama Tabibu alivyoandika, akaniuliza, "Kwa hiyo na wao zitaamka?" Nikamwambia ndiyo, wote. Matron nilizungumza naye faraghani, akasema wapo wasichana wengine wanne wenye shida hiyo hiyo kwenye bweni lile, akaandika jina la sabuni kwenye daftari lake.

Jana usiku amenipigia kwa simu ya matron. Tumeongea dakika kumi na mbili, makwapa hakuyataja. Ameomba hela ya kalamu, na ubuyu wa kutosha watu watatu, kwa sababu wenzake wawili wanalala karibu naye.